Kwa Nini Wagonjwa wa Kituo Kimoja cha Afya Hawapati Afya Sawa

Ukiingia chumba cha chanjo katika kituo cha afya cha umma hapa Nairobi, mara nyingi utakuta chati ya karatasi ukutani yenye mistari miwili inayopanda mwezi baada ya mwezi. Mstari wa juu ni wa watoto waliopata chanjo ya kwanza ya penta, ile inayokinga magonjwa matano, wakiwa na wiki 6. Wa chini ni wa waliopata ya tatu wakiwa na wiki 14. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ni watoto walioanza kisha wakapotea njiani. Hesabu yake ni nyepesi: toa idadi ya penta ya tatu kwenye idadi ya penta ya kwanza, gawanya jibu kwa idadi ya penta ya kwanza, zidisha kwa 100. Likizidi asilimia 10, kituo kinajua kwamba kinapoteza watoto wengi mno.

Tuseme kituo kilianza na watoto 80, na 74 wakamaliza. Waliopotea ni 6, yaani asilimia 7.5. Chati inapendeza, msimamizi anayekuja kukagua anaridhika na kuondoka. Lakini wagawe watoto hao kwa vijiji wanakotoka. Kati ya 80, watoto 20 wanatoka kijiji cha mabanda kilicho kando ya mto, na kati yao wamepotea 5. Wale 60 wa ploti za mawe na vijiji vilivyo karibu na barabara, amepotea 1. Kijiji cha mtoni kimepoteza asilimia 25. Kwingine kote haijafika hata 2. Chumba ni kile kile, chanjo ni ile ile na sista ni yule yule.

Mfano huo mdogo unabeba karibu kila kitu kinachofanya suala la pengo la afya liwe gumu kueleweka. Pengo halionekani kwenye jumla. Halitokani lazima na mtu mbaya aliyekataa kuhudumia mtu. Na likishaonekana, sababu zake zinakuwa nyingi, zimeshikana kama nyuzi za ukindu, hivi kwamba ukivuta moja unakuta umevuta na nyingine tatu.

Si kila tofauti ya afya ni dhuluma. Mzee wa miaka 75 ana uwezekano mkubwa wa kuwa na presha kuliko kijana wa 20, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Margaret Whitehead, mtaalamu wa afya ya umma wa Uingereza, aliuweka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa namna ambayo bado inatumika: tofauti ya afya inakuwa ukosefu wa haki pale ambapo haikuwa lazima itokee, ingeweza kuzuiwa, na mtu mwenye dhamiri hawezi kuikubali. Watoto watano wa kijiji cha mtoni wanaangukia humo moja kwa moja. Na kwa Kenya si suala la huruma tu, kwa kuwa Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Nairobi yenyewe ni somo la jinsi wastani unavyoficha. Mwaka 2000, APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, kilichunguza mitaa ya mabanda ya jiji hili na kukuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, takribani 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Takwimu za wakati huo za Nairobi nzima zilikuwa karibu 62, na za mashambani karibu 113. Yaani jiji lililoonekana salama kuliko mashamba lilikuwa na mitaa ndani yake ambako mtoto alikuwa hatarini kuliko aliye mashambani. Vifo hivyo vimepungua sana tangu wakati ule. Namna ya kuhesabu, hata hivyo, haijabadilika sana. Kibera ni mfano unaojulikana: kwa miaka mingi ilitajwa kuwa na watu milioni moja, na sensa ya 2009 ikahesabu takribani 170,000. Kituo kinachopangiwa dawa na chanjo kwa idadi isiyo sahihi ya watu hakiwezi kujua kimemfikia nani na kimemwacha nani.

Mgonjwa aliyewaziwa

Njia ninayoiona kuwa bora ya kuelewa pengo hili ni kuuliza swali moja: waliopanga huduma hii walimwaza mgonjwa wa aina gani? Kila huduma ina mgonjwa wake iliyemwazia. Wa kituo cha afya anaishi karibu, ana asubuhi isiyo na kazi, ana nauli, ana kitambulisho, ana simu yake mwenyewe, anaelewa Kiswahili au Kiingereza, nyumbani ana maji safi, na mwezi ujao atarudi. Mtu mwenye hivyo vyote atahudumiwa vizuri. Anayekosa kimoja atahangaika. Anayekosa vitatu atapotea, naye ataandikwa kwenye rejesta kuwa ni mgonjwa asiyefuata maagizo.

Chukua neno "bure". Juni 2013 serikali ilifuta ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Kabla ya hapo, tangu 2004, mgonjwa alilipa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Hatua hiyo ilisaidia wengi, na asiikejeli mtu. Ila ada ya mlangoni ndiyo iliyokuwa sehemu ndogo kuliko zote za gharama ya kuugua.

Tuseme mwanamume wa mjengo analipwa shilingi 600 kwa siku na hupata kazi siku 20 kwa mwezi, jumla 12,000. Akienda kituoni, kumwona daktari ni bure. Siku ya kazi imekwenda: 600. Matatu kwenda na kurudi: 100. Dawa moja kati ya mbili alizoandikiwa imeisha, anainunua kwenye kemisti: 350. Jumla ni 1,050, karibu asilimia 9 ya mapato yake ya mwezi. Jirani yake aliyeajiriwa kwa mshahara wa 60,000 ameomba ruhusa ya nusu siku na mshahara haukuguswa. Ametumia 450, ambazo kwake hazifiki hata asilimia 1. Wote wawili wamepata huduma ya bure, tena kwenye foleni moja.

Hiyo dawa iliyoisha inahitaji kuelezwa, kwa sababu wagonjwa wengi huamini imeibwa. Wizi upo, lakini sababu ya kawaida ni ya kuchosha zaidi. Vituo huagiza dawa kwa mafungu, kwa kawaida kila robo mwaka, kupitia kaunti, na sehemu kubwa hutoka kwa shirika la serikali la KEMSA. Kaunti ikiwa na deni au fedha zikichelewa kutoka hazina, oda husubiri. Kwa hiyo dawa hujaa wiki za mwanzo baada ya lori kufika na hupungua kadiri robo inavyokwisha. Anayeweza kuja mapema, au anayemjua mtu wa kumdokezea kwamba dawa zimefika, huzipata. Anayekuja siku alipopata nauli huandikiwa karatasi ya kwenda kununua nje. Kwenye kemisti ataomba vidonge vya shilingi 50 au 100 badala ya dozi nzima. Mtoto mwenye nimonia aliyepaswa kunywa amoksilini siku 5 anakunywa siku 2, anapata nafuu, dawa inakwisha, na wiki inayofuata anarudi akiwa hoi.

Halafu kuna saa. Vituo vingi vya umma hufanya kazi zake za kawaida mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayeuza mboga sokoni lazima awe amefika soko la jumla la Marikiti kabla ya jua kuchomoza, na wateja wake wakubwa ni wa jioni. Anayefanya kazi za nyumbani huomba ruhusa kwa mwajiri. Kibarua wa kiwandani huchaguliwa getini saa kumi na mbili unusu asubuhi, na akikosa siku mbili nafasi yake imechukuliwa. Wanaume ndio wanaoonekana kwa nadra zaidi mchana kituoni. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, ugonjwa ukiwa mwingi zaidi kwa wanaume, na ukakadiria kwamba takribani asilimia 40 ya wagonjwa hawakuwa wakigunduliwa. Dawa za TB ni bure na zinatibu kabisa kwa miezi 6. Kinachokosekana ni mlango ulio wazi saa ambayo mwenye kikohozi yuko huru kuingia.

Kwa nini wa ARV huja mara nne na wa presha mara kumi na mbili

Kuna pengo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo liko ndani ya kituo chenyewe, kati ya ugonjwa na ugonjwa.

Mgonjwa wa VVU ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi 3, wakati mwingine 6, bila malipo. Ana faili lake, ana mtu wa kumpigia simu akikosa kufika, na vipimo vya wingi wa virusi hugharamiwa. Mfumo huo ulijengwa kwa miaka mingi kwa fedha za wafadhili, hasa za Marekani na za Mfuko wa Dunia, na umeokoa maisha ya watu wengi mno. Kando yake, kwenye benchi lile lile, kaketi mama wa miaka 58 mwenye presha na kisukari. Yeye hupewa dawa za mwezi mmoja ikiwa zipo. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu anaelekezwa maabara ya nje. Akikosa kuja, hakuna anayempigia. Kwa mwaka, mwenzake amekuja mara 4. Yeye anatakiwa aje mara 12, na kila safari ina zile gharama tulizozihesabu.

Magonjwa yote matatu ni ya kudumu na yote hudhibitiwa kwa vidonge. Tofauti iko katika nani aliyelipia mfumo. Na mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada mwezi Januari, kliniki nyingi za VVU zililazimika kuunganishwa na huduma za kawaida. Hofu kubwa ni kwamba wagonjwa wa VVU watashushwa hadi pale walipo wa presha. Ninachotamani ni kinyume chake: wa presha wapandishwe. Kumpa mgonjwa aliyetulia amlodipini (dawa ya presha) ya miezi 3 hakugharimu vidonge zaidi kwa mwaka. Kunahitaji stoo yenye akiba ya kutosha, na hapo ndipo panapokwama, kwa sababu anayesimamia stoo inayokauka kila robo huona ni afadhali kumgawia kila mtu kidogo kidogo.

Ndani ya chumba cha daktari nako pana hesabu yake. Kituo chenye maafisa wa kliniki 2 na wagonjwa 150 kwa siku, kwa saa 7 za kazi halisi, kina dakika 840 za kugawana. Kila mgonjwa anapata dakika 5 na nusu, zikiwemo za kuandika rejesta. Wa asubuhi hupata 8, wa saa tisa alasiri hupata 3. Nani huja saa tisa? Aliyetoka mbali, na aliyemaliza kwanza kuuza. Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba upatikanaji wa huduma nzuri huelekea kupungua kadiri mahitaji ya watu yanavyozidi. Aliyaandika akiwa Uingereza, nchi yenye matibabu ya bure kwa wote, na hilo ndilo linalofanya maneno yake yafae kusomwa hapa.

Dakika zikipungua, kipimo nacho huharibika. Presha ipimwe baada ya mgonjwa kuketi kimya dakika 5, ameegemeza mgongo, miguu imekanyaga sakafu bila kupishanishwa, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na hakuna maongezi. Aliyepanda mlima kutoka bonde la Mathare kwa miguu, akasimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, akaogopa kwenda chooni asipoteze nafasi, kisha akapimwa huku akijibu maswali, ataonekana ana 152/96 hata kama ya kwake halisi ni 134/84. Na kuna mkanda unaofungwa mkononi. Mikanda mingi ya kawaida hutosha mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Ukifungwa kwenye mkono mnene zaidi, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Kwenye mkono wa mzee aliyekonda, husomeka chini. Kituo chenye mkanda mmoja tu kinawakosea watu wawili, mnene na mwembamba, kila siku ya kazi, na anayeonewa zaidi ni yule ambaye hatakuwa na nauli ya kurudia kipimo wiki ijayo.

Lugha ni sehemu ya dakika hizo. Eastleigh kuna wagonjwa wengi wanaozungumza Kisomali au Kioromo, na mara nyingi mkalimani ni mtoto wa darasa la sita aliyeacha masomo siku hiyo. Mama hawezi kumweleza mwanawe wa kiume kwamba anatokwa na damu isiyo ya hedhi. Ataeleza maumivu ya tumbo, na atatibiwa tumbo. Kiziwi naye hutegemea karatasi na kalamu, kama anajua kuandika, maana wahudumu wanaojua lugha ya ishara ni wachache sana.

Kurudi kwenye maji yale yale

Sehemu kubwa ya pengo haitengenezwi kituoni. Mtoto mwenye kuhara hupewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki ya miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa hajatimiza miezi 6. Ni tiba nzuri na ni rahisi. Kisha anarudi nyumbani kwenye maji ya mtungi yaliyopitia mpira uliotandazwa ndani ya mtaro wa maji taka, mpira ukiwa na viungo vilivyofungwa kwa vipande vya raba. Presha ya maji ikishuka, uchafu wa mtaro huvutwa ndani kupitia viungo hivyo. Mwezi haujaisha amerudi kituoni. Kila duru ya kuhara inakula chakula ambacho kingemkuza, na mtoto huyo anadumaa bila ya yeyote kuona siku aliyoanza kudumaa. La kuumiza ni kwamba, kwa lita moja, mkazi wa mabanda ya Mukuru anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kuliko mkazi wa mtaa wenye mifereji ndani ya nyumba. Anayelipa zaidi anapata maji machafu zaidi.

Ushauri wa kituo nao huwaza nyumba ya namna fulani. Mgonjwa wa insulini huambiwa aweke dawa kwenye friji. Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8; iliyofunguliwa inaweza kutumika kama wiki nne ikikaa mahali pasipo na joto kali. Nyumba ya mabati mchana wa Februari ni tanuri. Ushauri unaofaa ni wa vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, kifuniko cha kitambaa kilicholowa, na viwekwe kivulini penye upepo. Havifikii baridi ya friji, lakini huiokoa dawa isiive. Ni maelezo ya dakika 2. Asiyeyapata atakuja mwezi ujao na sukari ya 20, iliyo juu mno, na itaandikwa kwamba hachomi dawa.

Karatasi, na usiku

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyokuwapo tangu 1966. Watu wengi wamechanganyikiwa, na kuchanganyikiwa huko kunawaumiza. Huduma za ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na kituo cha afya, zinapaswa kulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi: mgonjwa anatakiwa awe amesajiliwa tu, hata kama hajachangia. Kuanzia hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, michango lazima iwe imelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na mali, kisha hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa anayeishi kwa pesa ya leo, kutoa 3,600 kwa siku moja si sawa na kutoa 300 mara kumi na mbili.

Na usajili wenyewe unataka kitambulisho. Kijana aliyetimiza 18 bila vyeti vya wazazi, Mnubi wa Kibera ambaye jamii yake kwa miaka mingi ilizungushwa kwenye kamati za uhakiki, mama ambaye kitambulisho chake kiliungua pamoja na nyumba: hawa hukwama kabla ya kufika kwenye dirisha la kwanza. Uthibitisho ukiwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu, anayetumia simu ya mume aliyeko kazini hawezi kuthibitishwa. Ukiwa kwa alama za vidole, vidole vilivyochubuliwa na saruji husomeka kwa shida.

Ukuta huu huonekana vibaya zaidi usiku wa kujifungua. Kituo cha ngazi ya 3 humhudumia mama anayejifungua kawaida, ila hakifanyi upasuaji. Kukitokea tatizo, rufaa ni kwenda hospitali kubwa kama Pumwani, iliyoanza 1926, au Mama Lucy Kibaki. Wataalamu wa uzazi huhesabu ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo kila ucheleweshaji unakula kwenye saa hizo mbili. Nyumbani wanabishana kama kutoka ni salama gizani. Ambulensi inafika barabara kuu na haiwezi kuingia kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, mama abebwe kwa blanketi au mkokoteni. Hospitalini wanaulizwa kama michango imelipwa. Aliye na gari na akiba anavuka milango yote mitatu kwa nusu saa.

Migomo nayo ina wake inaowaumiza. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi kama miezi mitano mwaka 2017. Madai yao yalikuwa na msingi. Lakini mgomo haufungi hospitali za kulipia.

Pa kuanzia: rejesta

Kituo hakihitaji utafiti mkubwa kuona pengo lake. Rejesta za Wizara ya Afya zipo mezani: 204A ya watoto chini ya miaka mitano, 204B ya wakubwa, 405 ya wajawazito, 510 ya chanjo. Zina safu ya makazi. Chukua ya miezi mitatu, andika majina ya vijiji kwenye karatasi, hesabu kila kijiji wangapi walianza na wangapi walimaliza. Kwa wajawazito, linganisha hudhurio la kwanza na la nne. Kwa presha, linganisha waliogunduliwa na waliorudi baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa watu wawili.

Inapoharibika ni kwenye safu yenyewe. Karani mwenye haraka huandika "Mathare" kwa watu wote. "Mathare" si jibu. Aulize kijiji, kisha alama ya karibu, kama kanisa, choo cha umma au bomba. Wengine hutaja mtaa usio wao wakihofia kurudishwa, kwa hiyo karani aseme mapema kwamba swali hilo si la kumfukuza mtu. Kisha idadi hizo zilinganishwe na rejesta ya kaya, 513, ambayo hujazwa na wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mhamasishaji ana kaya kama 100, na tangu Septemba 2023 wengi wamepewa mkoba wenye kipimo cha presha, cha sukari, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali. Presha inayopimwa nyumbani, mgonjwa akiwa ametulia, huwa ya kuaminika kuliko ya foleni, mradi mkanda umetosha na betri hazijafa.

Tahadhari kuhusu masuluhisho yanayovutia. Mfumo wa kuweka miadi kwa simu, mabango ya mafunzo, mazungumzo ya afya ya saa mbili asubuhi: yote humfaidi kwanza yule ambaye tayari anafika. Wastani utapanda na pengo litapanuka. Hatua zinazolipunguza ni zile zinazomfuata aliyekosa kitu. Kliniki ya Jumamosi, au jioni mbili kwa wiki. Dawa za miezi mitatu kwa aliyetulia. Mkanda wa pili wa presha, mkubwa. Kikao cha kamati ya kituo kifanyike Jumapili alasiri ili mwakilishi wa kijiji cha mtoni aweze kuhudhuria bila kupoteza kibarua, kwa kuwa kamati hiyo ndiyo inayojadili jinsi fedha za kituo zitakavyotumika.

Na wale watoto watano: chukua majina yao kwenye 510, mpe mhamasishaji wa kijiji, naye arudi na sababu ya kila mmoja. Kwa kawaida zitakuwa za mchanganyiko. Mmoja amehamia kwa nyanya yake mashambani. Wawili mama zao wamepata kazi na wanatoka alfajiri. Wawili waliobaki vitabu vyao vya kliniki viliungua au vilisombwa na mafuriko, na mama zao wanaogopa kufokewa kwa kuja bila kitabu. Hao wa mwisho ndio rahisi kuliko wote. Tarehe za chanjo walizopata zimo kwenye rejesta, sista anaweza kuzinakili kwenye kitabu kipya kwa dakika chache, na mtoto akachanjwa siku hiyo hiyo.